Kasuku wa Stoo ya Juu

"Basi mpeleke wewe!" Blandina alisema. "Mbebe mgongoni, mshushe ngazi, umlaze kwenye hilo gari lako la Noah. Akikata roho Chalinze utanipigia simu."

"Mungu akusamehe kwa mdomo huo," wifi yake Evelyn akajibu. "Mtu yuko kitandani, mke anazungumzia kukata roho."

"Mimi nazungumzia oksijeni. Noah yako ina oksijeni?"

"Ina watu wa kumwombea."

"Wataomba akiwa anavuta nini?"

Nesi alitoa kichwa mlangoni akaweka kidole mdomoni. Kila mmoja akageukia ukuta wake. Nyuma ya nesi, kwenye kitanda cha mwisho cha wodi ya wanaume, alilala waliyekuwa wakimgombea: Theophil, mume wa mmoja na mdogo wa mwingine, mwenye duka la jumla la vyombo Kariakoo. Mirija ya oksijeni ilikuwa puani, na kila pumzi aliyoivuta ilikwaruza kama msumeno butu kwenye ubao mbichi.

Evelyn ndiye kifungua mimba wa nyumba yao. Alishuka kutoka Moshi jana yake, skafu shingoni, na kabla hajapewa hata maji ya kunywa alikuwa ameshajua ugonjwa. Huu si ugonjwa wa hospitali. Mtu hafungui duka likajaa wateja Kariakoo, mtaa mzima ukamtazama tu. Kuna mzee wa maombi Himo, ameshazungumza naye, na gari linakuja jioni.

Blandina hakuwa na neno na maombi. Alisali, tena vizuri. Ila alikuwa na diploma ya usimamizi wa hoteli, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kusimamia usafi katika hoteli moja ya wageni Mchafukoge: kuinua godoro na kutazama kilichoachwa chini yake. Kazi hiyo ilikuwa imemfundisha kwamba uchafu ukinuka, una mahali ulipo. Hauanguki toka mbinguni, na hautumwi na jirani.

Daktari alitoka wodini akiwa na eksirei mkononi. Alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, Daktari Najma, mwenye mtandio wa bluu na macho ya mtu asiyelala vya kutosha.

"Mama Angela, na wewe dada, naomba mnisikilize bila kugombana," alisema. Akainua eksirei kuelekea dirishani. "Hili pafu la kushoto lilitakiwa lionekane jeusi, maana lina hewa. Tazameni, jeupe lote mpaka chini. Na la kulia limeanza. Hii ni nimonia kali. Tumepima malaria, hana. Tumepima korona, hana. Makohozi hayana kifua kikuu. Sindano tulizompa zinawaponya watu wengi, yeye hata hazijamgusa."

"Si nilisema?" Evelyn akasema.

"Kuna kitu kinanisumbua," daktari aliendelea, kana kwamba hakusikia. "Homa yake iko juu sana, lakini moyo haupigi mbio kama unavyotakiwa kwa homa ya namna hiyo. Na analalamika kichwa kuliko kifua. Nilishawauliza, nauliza tena. Nyumbani mna ndege? Kasuku, njiwa, kuku, chochote chenye manyoya?"

"Hapana," Blandina alisema. "Tulikuwa nao. Waliondoka mwaka jana."

"Una hakika?"

"Niliwafukuza mimi mwenyewe."

Aliwafukuza kweli. Theophil alikuwa amejaza kibaraza cha nyumba kasuku wadogo wa kijani, kelele na mavi toka asubuhi, na mtoto wao Angela ana pumu. Blandina alisema kwa upole, akasema kwa ukali, Theophil akawa anajibu kwamba ndege ni burudani ya mwanaume asiyekunywa pombe. Mpaka usiku mmoja Angela alipobanwa na pumu midomo ikawa ya bluu, wakamkimbiza hospitali. Alipotoka, Blandina alifungasha nguo zake na za watoto akaenda kwa dada yake Magomeni, na hakuwa anatania.

Hapo ndipo Evelyn alipoletwa toka Moshi mara ya kwanza, na jani la isale mkononi. Kwao Uchagani, mtu aliyekosa akikuletea isale kuomba radhi, huna budi kupokea, hata kama amekuchomea nyumba. Na yeye aliyelipeleka hana budi kutimiza alichoahidi, kwa maana jani hilo si la kuchezea. Theophil alipiga magoti sebuleni Magomeni, akaapa ndege wamekwisha. Blandina alipokea jani. Ndege wakarudishwa kwa muuzaji wao, mtu anayeitwa Hafidhi. Mambo yakaisha.

"Aliapa kwa isale," Evelyn alimwambia daktari. "Nililibeba mimi kwa mkono wangu huu. Hawezi kuwa na ndege."

"Tumuulize mwenyewe," daktari alisema.

Walisimama kando ya kitanda. Daktari akainama, akauliza taratibu. Theophil alitikisa kichwa: hapana. Kisha akafumba macho.

Blandina aliyaona macho yakifumbwa. Miaka yote ya ndoa yao, Theophil akisema kweli alikuwa anakukodolea macho kama mtu anayedai chenji. Akidanganya, alikuwa anayafumba. Blandina akakumbuka na mengine ambayo hakuyapa uzito: mume aliyeanza kubadilisha shati dukani kabla ya kurudi nyumbani. Mume aliyeanza kusukutua mdomo kama mtu anayeficha sigara, na hajawahi kuvuta.

"Kama hakuna ndege," daktari alisema walipotoka, "jioni hii nitamwanzishia dawa za kifua kikuu kwa kukisia. Siwezi kukaa nimtazame tu. Lakini niseme ukweli, moyo wangu haujaridhika."

"Nipe muda kidogo, daktari," Blandina alisema, akachukua mkoba.

"Unakwenda wapi?" Evelyn aliuliza.

"Dukani."

"Mume yuko hivi, unakwenda kuuza masufuria?"

Blandina alikuwa ameshafika ngazini.

Bodaboda ilimshusha pembeni ya mtaa kwa kuwa mbele hakukuwa na nafasi ya kupita hata paka. Alipenya kati ya wapiga debe, mikokoteni na mabunda ya mitumba. Mlango wa duka ulikuwa umefungwa kama alivyouacha. Hakuufungua. Alizunguka ubavuni mwa jengo, akapanda ngazi za kwenda stoo ya juu, ambako Theophil aliweka katoni za chupa za chai na sahani, na ambako yeye Blandina hakuwa amepanda toka Pasaka.

Harufu ilimpokea kabla ya mlango. Si harufu ya banda la kuku. Ile angalau ina ukweli wake. Hii ilikuwa na utamu mbaya ndani yake, kama nafaka zilizochacha zikachanganywa na amonia, na ilikaa kooni badala ya puani. Alitoa barakoa mkobani akaivaa. Mlango ulikuwa umeegeshwa. Akausukuma.

Nyuma ya ukuta wa katoni kulikuwa na vizimba, kimoja juu ya kingine mpaka karibu na dari, na ndani yake kasuku wadogo wa kijani wenye shingo za njano. Wengine walipiga kelele. Wengine walikuwa wamejikunyata, manyoya yamesimama, macho yakitoka usaha, na mkia umelowa kijani kibichi. Mavi ya kizimba cha juu yalidondokea maji ya kunywa ya kizimba cha chini, na maji hayo yalikuwa na utando kama kamasi. Sakafu ilikuwa na tabaka la kinyesi lililokauka likapasukapasuka. Mmoja alikuwa amekufa, akakanyagwa, akawa bapa kama kitambaa. Na juu ya yote hayo feni ilikuwa ikizunguka, ikipeperusha unga wa kijivu chumba kizima. Unga ulikuwa umetua kwenye sahani za maua, zile ambazo watu wananunua kupakulia pilau la arusi.

Katikati ya vumbi hilo, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikaa Hafidhi. Alikuwa na mashavu yaliyojaa. Mkononi alishika kinda lisilo na manyoya, ngozi tupu ya waridi yenye mishipa, na kichwa cha kinda kilikuwa ndani ya kinywa chake mpaka machoni. Koo lake lilikuwa likicheza, akilisukumia.

Blandina alishika mlango.

Hafidhi alilichomoa kinda. Uzi wa mate, na punje za mtama uliotafunwa, ukanyooka kati ya mdomo wake na mdomo wa ndege, kisha ukakatika ukamdondokea kidevuni. Akaufuta kwa kiganja.

"Aa, shemeji! Karibu," alisema, na kipande cha mtama kikatoka pamoja na maneno. "Bosi anaendeleaje?"

"Unafanya nini?"

"Nawalisha, shem. Bosi aliniachia ufunguo. Kinda ukilikosesha mlo mmoja limekwenda."

"Kwa mdomo?"

"Sasa kwa nini kingine?" Hafidhi alishangaa kweli. "Kinda likila kinywani mwako, shem, linakuona mama yake. Likikua linakuja lenyewe kuchokonoa meno yako. Haliruki, halikuachi. Wateja wanataka wa namna hiyo. Wa kulishwa kwa bomba la sindano anakuwa mwitu tu, anakung'ata."

"Na Theophil?"

"Aah, bosi fundi! Mimi nilimwonyesha mara moja tu. Analisha matatu kabla sijamaliza moja. Asubuhi kabla ya kufungua duka, mchana, na jioni kabla ya kurudi kwako."

Jioni kabla ya kurudi kwangu, Blandina aliwaza. Mdomo huohuo. Alifikiria meza ya chakula cha usiku, kijiko ambacho Theophil alikuwa na mazoea ya kuonjea mchuzi na kukirudisha chunguni, busu analompiga Angela kwenye paji la uso. Akageuka, akavuta barakoa chini, akatapika nje ya mlango, kwenye ngazi, kwa kishindo. Akajifuta. Akaivaa tena barakoa.

"Pole, shem. Ni hewa tu, utazoea."

"Sitazoea. Zima hiyo feni."

"Watapata joto..."

"Hafidhi. Zima feni."

Akazima. Vumbi likabaki linaning'inia, halina haraka ya kutua. Hafidhi akakohoa, kikohozi kirefu cha ndani, akajipiga kifuani.

"Hicho kikohozi kina muda gani?"

"Hiki? Vumbi la Kariakoo hili, shem. Nani hakohoi?"

"Na hawa wanaokufa?"

"Kideri tu, kama cha kuku. Kinapita. Halafu bosi hana hasara, maana mimi nina utaratibu wangu na wateja: ukiniletea mzoga, nakupa mzima. Lazima nione mzoga kwanza, watu waongo. Bosi amenitunzia, wapo kwenye friji."

"Friji gani?"

Ilikuwa friji ndogo ya soda iliyokaa pembeni ya mlango. Blandina aliifungua mwenyewe. Rafu ya juu ilikuwa na vifuko vya nailoni vilivyofungwa fundo, vya rangi ya kijani kwa ndani, na kimoja kilikuwa kimevuja maji ya kahawia. Rafu ya chini ilikuwa na bakuli lake yeye, lenye kifuniko chekundu, alilomwekea Theophil ndizi nyama kila siku. Maji ya kahawia yalikuwa yamedondoka yakaganda juu ya kifuniko hicho. Alilitazama hilo bakuli kama mtu anayetazama mwizi anayemfahamu.

Akafunga friji.

"Weka hilo kinda kizimbani. Tunaondoka."

"Kwenda wapi? Bado sijamaliza mstari huu..."

"Hospitali. Utamwambia daktari hayo yote uliyoniambia mimi, kama ulivyoniambia. Na mtama wako mdomoni uutemee hapahapa."

"Shem, mimi mambo ya hospitali... Na hawa ndege, unajua, vibali vyake..."

"Sikiliza," Blandina alisema. Hakupaza sauti. "Mwenzako pafu moja limekufa na la pili linakwenda. Daktari hajui ampe dawa gani kwa sababu mgonjwa anamdanganya. Wewe unakohoa kikohozi kilekile. Unataka tuzungumze vibali?"

Hafidhi akaangalia vizimba, akaangalia mlango. Akatema.

Blandina alifunga stoo, ufunguo aliouchukua kwa Hafidhi akauweka ndani ya sidiria. Wakashuka ngazi wakiyaruka matapishi yake.

Walipofika wodini, Noah ilikuwa imefika pia. Evelyn alikuwa amemvalisha Theophil soksi na sweta, na anakunja blanketi. Daktari Najma alikuwa upande wa pili wa kitanda, mikono kifuani, akisema hawezi kumzuia mtu mzima lakini hawezi kukubali. Theophil alikuwa anatweta, midomo imekauka, kope nzito.

"Daktari," Blandina alisema, "wapo. Stoo nzima ya juu. Wagonjwa, wanakufa, mavi yamekuwa unga na feni inapuliza. Na makinda anayalisha kwa kinywa chake. Anatafuna mtama, anaingiza kichwa cha ndege mdomoni. Huyu hapa ndiye mwalimu wake."

Mgonjwa wa kitanda jirani akasema "Yesu!" na kujigeuza upande mwingine.

Hafidhi alisogea, kofia mkononi. "Bosi," alisema, "shem kashaona. Mimi nimeshindwa."

Theophil alifumbua macho. Hakumtazama mkewe. Alimtazama dada yake.

Blanketi lilimtoka Evelyn mikononi. "Theo," alisema. "Isale niliyobeba mimi?"

Machozi yakamtoka Theophil yakaingia masikioni. Akatikisa kichwa, safari hii juu na chini.

"Alhamdulillah," Daktari Najma alisema, kisha akaona wanavyomtazama. "Samahani. Lakini sasa najua ninachotibu. Hii inaitwa homa ya kasuku. Ni kijidudu kinachokaa ndani ya ndege, kinatoka na mavi na mate na makamasi yao. Yakikauka yanakuwa vumbi, unayavuta. Yeye hakuvuta tu, alikula. Sindano tulizompa haziwezi kitu mbele ya kijidudu hiki. Dawa yake ni doksisaiklini, vidonge vya kawaida kabisa, tunavyo hapa. Kipimo chake cha damu hapa hatuna, nitatuma sampuli nje, ila sisubiri majibu, tunaanza sasa. Wewe baba, usiondoke, nakupima na wewe. Na hao ndege mtu asiwaguse wala kuwafungulia, nampigia afisa mifugo."

Nesi akaleta vidonge kwenye kikombe kidogo, na glasi ya maji. Evelyn akasimama kati yake na kitanda.

"Hapana," alisema. Hakuwa na hasira tena. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa ya kweli. "Ninyi hamjui. Mtu akivunja isale, isale ndiyo inayomkaba. Hata ummezeshe duka zima la dawa. Arudi nyumbani kwanza atakaswe, halafu ndiyo ameze. Baba yetu mdogo alikufa hivihivi, hakuna aliyempima akaona kitu."

"Dada, kwa hali hii hafiki," daktari alisema.

"Hata akibaki hapa hafiki popote! Theo, unanisikia? Usimeze."

Nesi alipita pembeni yake akasogeza vidonge mdomoni kwa Theophil. Theophil akabana midomo. Akageuza uso. Pumzi ikakwaruza, ikakatika, ikakwaruza tena, lakini midomo akaibana, na Blandina akaelewa kwamba mume wake anaamini neno kwa neno anachosema dada yake. Amejihukumu. Yuko tayari kufa kwa sababu ya jani.

Alimtazama. Alimwona na mashavu yamejaa mtama. Aliona uzi ule wa mate. Alitaka kuwa mahali popote isipokuwa karibu na mdomo ule, na alijua kwamba hata akipona, miezi itapita kabla hajakaa naye meza moja.

"Wifi," alisema, "isale alipewa nani?"

Evelyn akashika skafu yake.

"Si nilipewa mimi? Niliyekosewa ni mimi na mwanangu. Mzee wa Himo hakuletewa jani, wala wewe hukuletewa, wewe ulilibeba tu. Kwenu anayesamehe ni nani?"

"Aliyelipokea," Evelyn alisema kwa sauti ndogo.

"Basi lete glovu, nesi."

Alivaa glovu, moja baada ya nyingine, akazivuta mpaka kwenye vifundo vya mikono. Akapita mbele ya wifi yake, ambaye alisogea mwenyewe. Akainama juu ya kitanda.

"Baba Angela, nitazame. Usifumbe macho, nitazame. Umenidanganya, na umenitia kinyaa, kinyaa ambacho sina jina lake. Hayo tutayazungumza ukiwa na pafu la kuzungumzia. Lakini jani nililipokea mimi, na mimi nasema mbele ya dada yako: nimekusamehe. Limekwisha. Hakuna kinachokukaba ila nimonia."

Theophil alimtazama. Alitafuta uso wa dada yake pembeni. Evelyn, skafu mdomoni, akatikisa kichwa kukubali.

Midomo ikaachia.

Blandina aliuingiza mkono mmoja chini ya kisogo chake kilicholowa jasho, akakinyanyua, akaweka vidonge viwili juu ya ulimi ule mweupe, akashika glasi.

"Kunywa. Taratibu. Kunywa yote."

Akameza.